Makohozi Yangu, Jina la Mama

Wasomaji huniuliza kwa nini riwaya zangu zina hasira. Nitaeleza polepole, maana huenda wewe unayesoma ni mgonjwa sasa.

Uhuru ulikuwa bado mpya. Nilikuwa na miaka tisa, mzima, mwenye mbio. Mama alitoka Kisii kuja kuchuma chai karibu na Kericho, tukaishi kwenye nyumba za laini, zile safu za vyumba vya wachumaji. Kila asubuhi nilichuma naye, nikijaza kikapu chake. Watoto wote wa laini walifanya hivyo. Majani yetu yalipimwa kwa namba ya kazi ya mzazi. Sisi hatukuwa na namba.

Kikohozi kilianza na mvua. Mwezi wa pili wa kukohoa nililowa jasho, mbavu zikatokeza, kisha nikatema damu shambani. Nyapara aliniambia nisichafue majani ya watu.

Kwenye zahanati ya shamba, dresa, mhudumu aliyetoa dawa, aliuliza namba yangu. Mama akamweleza kwamba mimi huchuma kila siku. Dresa akacheka.

"Mama Kemunto, mtoto hafanyi kazi hapa. Sheria inakataza."

Tukafukuzwa kwa sheria ambayo nyapara hakuwahi kuikumbuka.

Wiki iliyofuata mama alirudi na makohozi yangu kwenye kopo, akasema ni yake. Yakapatikana na kifua kikuu. Barua ya kumpeleka hospitali kubwa ikaandikwa kwa jina lake, nami nikamfuata huko.

Daktari alimpima kifua mara mbili. "Mama, wewe ni mzima. Nani anakohoa?"

Mama alinisukuma mbele. "Ni huyu. Mnifunge mimi, lakini yeye mumpe kitanda."

Nikapewa. Nilidungwa sindano kila siku, miezi, hadi kukaa kukawa mateso na masikio yakavuma. Nilipopona, mama alikuwa amefutwa kazi kwa udanganyifu. Aliyenichumisha chai nikitema damu hakuulizwa lolote.

Ndiyo maana katika vitabu vyangu mtoto hapiti tu na kikapu mgongoni. Ana jina, na anasema. Mhariri mmoja aliniomba nimlainishe nyapara kidogo. Nilimjibu kwamba mimi sikulainishiwa.

Namshukuru Mungu, yule daktari, na mama aliyedanganya. Nawe ukikohoa wiki mbili, nenda ukapimwe. Dawa uzimalize hata ukijisikia vizuri. Kifua kikuu kinatibika, mimi hapa nimezeeka. Wakikukataa mlangoni, usiende nyumbani kufa kwa adabu. Rudi kesho, na upige kelele.