Siku ya Ovaroli Mpya

Watu wa Kitengela wakizika hupenda kusema ni mpango wa Mungu. Mwenzangu hakuuawa na Mungu. Aliuawa na supavaisa aliyekuwa akishusha bendera nyekundu kabla ya saa, na meneja aliyemtuma aishushe, na daktari wa shamba aliyeandika "pombe" kwenye faili ya mtu wa kanisa ambaye hata harufu ya chang'aa hakuijua. Majina siandiki. Wakisoma watajijua.

Nilipiga dawa kwenye shamba la maua upande wa Isinya miaka kumi na sita. Ni kazi ya watu wawili: mmoja anashika bomba mbele, mwingine anavuta mpira nyuma yake usije ukavunja waridi. Mimi nilishika bomba, yeye akavuta mpira. Mkimaliza, mnatundika bendera nyekundu mlangoni mwa grinhausi, na haingii mtu mpaka kesho yake saa kama hiyo. Sheria ilibandikwa ukutani. Lakini maua ya Februari, ya siku ya wapendanao, yakishaanza kuitishwa ng'ambo, supavaisa alikuja baada ya saa moja tu, akaing'oa bendera na kuitia mfukoni kama leso.

"Ingieni, imekauka hiyo."

Wakataji waliingia, na sisi tukarudi ndani kurudia laini za waridi tulizoruka, tukipumua dawa ile ile tuliyomwaga.

Stoo kulikuwa na mama wa miaka arobaini na tatu, mtu wa Murang'a. Alikuwa na digrii ya biashara ya tangu usichana wake, nayo ilimfikisha kwa kugawa glavu. Siku moja mchana, tukila githeri yetu ya mahindi na maharagwe, akatuambia anarudi chuo kusomea mazingira, digrii ya pili, Jumamosi na Jumapili.

"Mama stoo, hiyo joho utavaa na mkongojo?" mwenzangu akamuuliza.

"Nitakuja nao nikuchape, wewe Mkamba wa mdomo mrefu."

"Ukianguka mtihani usilie hapa. Utaharibu githeri."

Tulicheka sana. Mimi nilicheka kuliko wote, na niliachia shule darasa la tano.

Baadaye akaanza kutusomea yale maandishi madogo ya kwenye madebe ya dawa. Sikuwahi kujua debe liko na maneno mengi hivyo. "Hii inapitia kwa ngozi," akasema. "Mikono ikianza kutetemeka, ndio dalili." Mwenzangu akaweka mikono yake chini ya meza. Mama stoo aliona. Akapeleka maneno kwa meneja, na meneja akamwambia stoo ni ya kugawa vitu, mahubiri aende nayo kanisani.

Alipohitimu akaacha kazi, akapata leseni ya ukaguzi wa mazingira, akafungua ofisi ya chumba kimoja Kitengela, juu ya duka la mabati. Watu wa rika langu huniuliza kama kuna faida kurudi darasani na mvi. Nawaambia nilichoona. Akiwa na funguo za stoo hakuna aliyemsikiliza. Miaka miwili baadaye wanunuzi wa maua walitaka ripoti ya shamba, wakamtuma yeye, na meneja yule yule alikimbia kumfungulia mlango wa gari.

Wakati huo mwenzangu alikuwa ameshalala nyumbani miezi miwili, mgonjwa. Kikombe hakishiki, mate yanamtoka, mkewe anamlisha kwa kijiko. Shamba lilikataa kumpeleka hospitali kubwa kwa sababu faili ilisema ni mlevi. Kama ripoti ingesema watu walikuwa wanaingizwa kwenye dawa mbichi, wangelazimika kumpeleka. Mkewe aliniambia mwenyewe, "Shemeji, ni wewe peke yako mlikuwa naye ndani. Sema."

Asubuhi ya ukaguzi supavaisa alifungua katoni ya ovaroli mpya. "Vaeni. Mkiulizwa, huwa tunangoja mpaka kesho yake. Mwenye hadithi ingine aende akachunge mbuzi Mashuuru."

Mama stoo aliniita kando, karibu na tangi la kuchanganyia. Supavaisa akasimama kwenye mfereji wa maji akiosha mikono isiyo na uchafu. Mama akatazama alama za mikunjo kifuani pangu.

"Hiyo ovaroli naijua," akasema polepole. "Ni mimi nilikuwa nawavisha siku ya wageni na kuwavua jioni. Mkaguzi mwingine angeona nguo nzuri. Mnisamehe kwa hiyo."

Nikafunga kifungo cha juu.

"Ovaroli nitaiandika. Udongo nimechukua, maji ya mtaro nimechukua. Lakini udongo hautaniambia bendera inashushwa saa ngapi. Nataka mtu. Mnangoja muda gani?"

"Mpaka kesho yake, madam."

Miaka yote nilimwita mama stoo.

"Na mwenzako, alikuwa anaingia lini?"

"Kesho yake."

Aliniangalia mpaka nikaangalia viatu. Kisha akaandika.

Sitamkosea haki: ripoti yake ilifanya kazi. Milango ya grinhausi iliwekwa kufuli, kila mtu akapewa ovaroli mbili za kukaa nazo, mtaro uliokuwa ukimwaga mtoni ukazibwa. Walioko pale leo wako na afya kwa sababu ya yule mama. Lakini ukurasa wa wapiga dawa ulisema kwamba mfanyakazi wa miaka mingi amethibitisha muda wa kungoja unafuatwa. Meneja alimpelekea mke wa mwenzangu ukurasa huo, akamwonyesha mstari kwa kidole. Hospitali kubwa hakupelekwa. Alikufa kabla ya mvua.

Baada ya mazishi nilipanda ngazi za ile ofisi. Mjane alikuwa ameketi mle, amekuja kuuliza habari ya faili. Nilitaka kurudi chini, mama stoo akanivutia kiti.

"Naweza kuandika nyongeza," akasema, "waondoe hilo neno pombe. Lakini utatia sahihi, na Jumatatu utakuta jina lako limetolewa kwenye orodha ya getini."

"Andika, mama."

Akaandika, akanisomea polepole kwa kuwa herufi hunisumbua. Nilisaini, kalamu ikirukaruka. Mikono yangu nayo ilikuwa imeshaanza.

"Shemeji," mjane akasema, "kila marehemu akisikia mtu mlangoni alikuwa anauliza kama ni wewe umekuja kutuambia umesema. Nilikuwa namwambia utakuja."

Nikamwomba msamaha. Akachukua nakala yake, akaitia kwenye mkoba, akamgeukia mama stoo.

"Gari la kwetu Makueni linaondoka saa nane," akasema. "Wacha niende."