Mvua ya Jumapili ya Nkololo

Saa tatu asubuhi. Redio ya jirani inatoa mlio wa saa, na Nyamizi Masele anapiga goti kwenye majani mabichi nyuma ya nyumba yake mjini Bariadi. Anatoa chupa iliyo ndani ya kopo la kupimia mvua, anamimina maji kwenye bilauri yenye mistari, kisha anaiinua usawa wa jicho.

Milimita kumi na nne. Anaandika, lakini kalamu haiishii hapo. Anaongeza saa aliyopima, jina lake, na kwamba mpapai wa jirani umeanza kuegemea upande wa kopo.

"Namba peke yake ni kama mtoto aliyeokotwa mnadani," anasema. "Unamwona mzima, ila hujui ni wa nani."

Nyamizi, mkulima wa pamba, ni katibu wa wapima mvua wa kujitolea wa Bariadi na Meatu. Vipimo vyao huenda kituo cha utafiti wa kilimo. Zamani huyu alipima alfajiri, yule baada ya kukamua. Mvua ya usiku, mmoja aliihesabia siku iliyopita, mwingine siku inayokuja. Walikaa, wakabishana, wakapatana: wote saa tatu, wote maelezo yale yale. Na kanuni haibadiliki mpaka kila kijiji kikubali.

Ukiwaza, unastaajabu. Hawana mshahara wala bosi, hawaonani miezi, lakini saa ile ile wote wamepiga goti.

Chama cha ushirika kilikuwa kikiwalipia nauli ya mkutano. Tangu biashara ya pamba ifunguliwe kwa wanunuzi binafsi, kila mtu hujilipia, na ghala la chama walimozoea kukutana limekodishwa kwa kampuni. Ijumaa hii ya mkutano, mtunza ghala wa kampuni amewafungulia hata hivyo, na amewafagilia.

Jambo la leo ni zito: Nkololo iondolewe kwenye vipimo?

Mpimaji wa Nkololo, mzee Josia, ni Msabato. Jumamosi hagusi kopo. Kwa hiyo kipimo chake cha Jumapili hubeba maji ya siku mbili, na mvua za El Nino zilipomwagika, kituo kiliuliza kama Nkololo kumetokea gharika.

"Mzee Josia, Jumapili yako inanyesha kuliko ya Wakatoliki," anasema Method, mpimaji wa Mwandoya.

"Labda hamwombi vizuri."

Ghala zima linacheka. Method anacheka pia, ila hajaacha. "Si umtume jirani Jumamosi?"

"Kumtuma ni sawa na kufanya kazi. Mniondoe tu, nitaendelea kupima mwenyewe."

Kicheko kinakatika. Amepima miaka kumi na moja.

Nyamizi anagawa uji, akianza na Method. Ndipo anasema, "Tuongeze neno moja pembeni ya namba: maji haya ni ya siku ngapi. Kila kijiji kitaandika, si Nkololo tu."

"Na za nyuma, mayu?" Method anauliza, akimwita mama kwa Kisukuma. "Tutajuaje Jumapili ipi ni ya siku mbili?"

"Zote," anasema Josia.

"Hata Jumamosi moja hukuchungulia?"

"Hata siku ile nyumba ilipoezuliwa na upepo."

Method ameshika kikombe chake, hanywi. Miaka yote ile, hakuna hata Jumapili moja ya kubahatisha.

"Basi za zamani zisifutwe," anasema taratibu. "Tuandike juu yake zilivyopimwa, na tarehe ya leo tulipobadili." Mkono wake ndio wa kwanza kunyooshwa. Mikono mingine inafuata, wa Josia ukiwa wa mwisho, kwani alikuwa akijifuta macho.

Nyamizi ana mpango wa kunakili mapatano hayo kwa mkono, nakala moja kwa kila kijiji, na nyingine apeleke shule za Mwanhuzi, ambako bado hakuna mpimaji.

Nje, wingu limejikusanya upande wa Nkololo. Method anampakia Josia kwenye baiskeli yake, ingawa Mwandoya si njia hiyo, ili mzee afike kabla jua halijazama na Sabato kuingia.

"Natamani mtu ambaye bado hajazaliwa aisome Jumapili ya Nkololo," Nyamizi anasema akiwatazama wakipotea barabarani, "aelewe, na asimcheke Josia."