Dakika Kumi na Mbili za Hajji

Saa kumi na mbili na dakika thelathini na saba jioni, kwa saa yangu ya mkono niliyoirekebisha kila siku kwa mlio wa redio, mwadhini wa mtaa wetu hapa Garissa aliadhini Magharibi. Saa kumi na mbili na dakika arobaini na tisa, katika nyumba iliyopakana na yangu, saa ya Hajji nayo ikaadhini. Kati ya adhana hizo mbili palikuwa na sinia la sambusa, jagi la maji ya ndimu, na familia nzima iliyokatazwa kuvigusa.

Sauti ya mke wake ilipenya ukutani. Walizungumza Kisomali, ambacho baada ya miaka sita nilikifuata vizuri.

"Hajji, watu wote wamefuturu!"

"Watu wote wamekosea."

"Saa yako ni ya Dubai. Mimi na tumbo langu tuko Garissa."

Nilikuwa nimekaa barazani na kikombe cha chai. Sikucheka, kwa sababu saa ile ya Hajji niliitegesha mimi.

Nilikuwa karani wa stoo ya serikali, mtu wa bara na Mkristo. Shule niliiacha darasa la saba, ada ilipokosekana. Mengine nimejifunza mwenyewe, kwa vitabu vya mitumba na kwa tabia moja ambayo mke wangu aliiita ugonjwa: sigusi kitufe kabla ya kusoma kijitabu cha maelekezo mpaka mwisho. Katika miaka hiyo ya tisini tabia hiyo ilinipa wageni wengi. Bidhaa za Dubai zilitufikia kwa malori kupitia Liboi na Mandera: redio za kaseti, vikokotoo, saa zenye taa, feni za betri. Bidhaa zilifika, maelekezo yakabaki njiani. Yakifika, yalikuwa kwa lugha ambayo mwenye bidhaa haisomi. Basi watu waliniletea. Nimewahi kurudishia sauti redio ambayo mwenyewe aliipiga makofi wiki nzima, kumbe waya wa kusikilizia sikioni uliingizwa nusu.

Saa ya Hajji ilikuwa kitu cha kupendeza. Ilikuwa na umbo la msikiti, kuba la rangi ya dhahabu, minara miwili ya plastiki, na kioo chenye tarakimu. Iliadhini yenyewe mara tano kwa siku. Hajji, mwenye duka la jumla la sukari na unga, aliinunua Mandera na kuileta siku ya kwanza ya Ramadhani. Akaitegesha mwenyewe jioni ile ile, kwa uangalifu, kama sisi sote tunavyohesabu saa: ilikuwa saa kumi na mbili na dakika arobaini, akaandika kumi na mbili na arobaini. Mashine haikujua kwamba kwetu saa huhesabiwa tangu jua linapochomoza. Ikadhani ni mchana. Dakika tano baadaye, watu wakiwa na tende mdomoni, ikaadhini Adhuhuri.

Kesho yake, saa tano na dakika ishirini na tano asubuhi, Hajji alikuwa amejinyoosha juu ya magunia ya sukari akipunguza makali ya swaumu. Mashine ikaona kwamba kumepambazuka. Ikaadhini Alfajiri, na kama ilivyo kwa adhana ya Alfajiri, ikatangaza kwa sauti kubwa, mbele ya wateja, kwamba sala ni bora kuliko usingizi.

Mchana huo akaja kwangu nayo kwapani.

"Karani, hii kitu inanitukana kwa duka yangu."

Nilisoma kijitabu mpaka mwisho. Nikaiwekea saa kwa mlio wa redio, sawa kabisa. Kisha kijitabu kikadai namba ya mji. Miji ilikuwa zaidi ya mia, Garissa haikuwamo. Mogadishu ilikuwamo, Nairobi ilikuwamo. Nilifikiri kidogo sana, nikachagua Nairobi. Sababu yangu ilikuwa kwamba nchi ni moja na saa ni moja.

"Sasa ni sahihi?" aliniuliza.

"Sahihi kwa sekunde," nikamjibu. Neno hilo nimelijutia.

Kwa kuwa lilitoka kwangu, Hajji alilichukua kama hati. Jioni ile mwadhini alipoadhini na mashine ikakaa kimya dakika kumi na mbili, hakuitilia shaka mashine. Alimtilia shaka mzee mwadhini. Akatazama juu, akaona mwanga bado upo, akasema jua limejificha tu nyuma ya migunga, halijazama. Siku ya nne aliyasema hayo dukani. Siku ya nane aliyasema msikitini. Siku ya kumi, Jumatano, alitangaza kwamba Ijumaa atasimama mbele ya watu na kusema mambo mawili: kwamba mtaa mzima umekuwa ukifungua swaumu kabla ya wakati na unadaiwa siku zote hizo, na kwamba kuanzia siku hiyo kipaza sauti, ambacho yeye ndiye aliyekitoa sadaka, kiwekwe mbele ya mashine.

Mwadhini alikuwa mzee mwembamba, mchunga ngamia wa zamani. Kuadhini ndiyo ilikuwa kazi yake, na chumba cha uani pa msikiti ndicho kilichokuwa makazi yake. Alikuwa akipanda juu ya paa kila jioni na kulitazama jua mpaka likaisha. Hajji alimwita adeer, yaani baba mdogo, hata alipokuwa akimshitaki.

Jumatano hiyo mzee alikuja barazani kwangu. Hakukaa.

"Karani, wewe ndiye uliiambia ile saa ukweli?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi uniambie na mimi. Macho yangu yamezeeka. Kama nimewafungulisha watu jua likiwa juu, nataka kujua kabla ya Ijumaa, si siku ya Ijumaa."

Alisema hivyo tu, akaenda. Hakulalamika. Ningependelea alalamike.

Nilitoa atlasi yangu, ambayo ilikuwa imekosa jalada na bara moja. Ilinichukua kama robo saa kuliona kosa. Dunia huzunguka digrii moja kwa dakika nne. Garissa iko mashariki ya Nairobi kwa karibu digrii tatu. Jua letu huzama mapema kuliko la Nairobi, kwa dakika kumi na moja au kumi na mbili, na serikali kutupa saa moja nchi nzima hakulicheleweshi. Mashine ilikuwa ikisema kweli tupu, ila ya Nairobi. Mzee naye alikuwa akisema kweli ya hapa.

Asubuhi nilimpelekea Hajji atlasi dukani. Aliitazama kwa heshima.

"Hii kitabu imepasuka," alisema.

"Hesabu yake haijapasuka."

"Karani, juzi ulisema sahihi kwa sekunde. Leo unasema kosa. Kesho utasema nini?"

Alikuwa na haki. Nikamwambia basi tuulize Nairobi yenyewe. Nina mwenzangu anayefanya zamu ya jioni katika stoo kuu huko. Meza yake iko dirishani, na dirisha linatazama magharibi. Tumpigie wakati mzee anapoadhini, tumuulize jua liko wapi.

Hajji alifikiri. "Usimwambie kitu kabla. Na mimi mwenyewe nitasikia kwa sikio yangu."

"Utasikia."

"Na wewe utakuwa shahidi. Wewe hufungi, tumbo lako halitadanganya."

Alhamisi saa kumi na mbili u nusu tulikuwa kwenye kibanda cha simu nje ya posta: mimi na sarafu ishirini za shilingi tano, Hajji na msikiti wake wa plastiki kwapani, na mke wake, aliyesema kwamba kama ni kukaa na njaa, heri akae mahali penye kichekesho. Mji ulikuwa umetulia kama unavyotulia saa hiyo katika Ramadhani, kila mtu nyumbani akiitazama tende. Palikuwa na faida moja: hapakuwa na foleni.

Simu ile niliijua. Ilikuwa na desturi ya kumeza sarafu kwanza na kufikiri baadaye. Adhana ya mzee ilianza. Nikatia sarafu tatu, nikasikia mlio, kisha kimya. Nikaipiga simu kofi, jambo ambalo nimewakataza watu wengi. Sarafu hazikurudi.

"Hiyo nayo inafunga," alisema mke wa Hajji. "Hapana, hiyo imekula!"

Mara ya pili ikaita. Mwenzangu akapokea.

"Stoo kuu."

"Ni mimi wa Garissa. Tazama dirishani. Jua liko wapi?"

"Unaumwa?"

"Tazama tu. Limezama au bado?"

"Umepiga simu ya masafa kuniuliza jua? Huko limeisha?"

"Ndiyo. Tafadhali."

Nilimpa Hajji mkono wa simu. Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia. Mwenzangu, baada ya kuhakikisha kwamba anazungumza na mtu mwingine mwenye akili zake, alisema jua lipo, jekundu, limebaki kama upana wa vidole viwili juu ya vilima. Hajji akamwambia aape. Akaapa. Hajji akageuka akatazama magharibi yetu, mwisho wa barabara, mahali ambapo hapakuwa na miti wala nyumba. Palikuwa na wekundu tu.

"Mwambie asiondoke," aliniambia. Sarafu nne nyingine zilikuwa zimekwisha.

Tukangoja. Hajji aliiweka mashine juu ya kibanda. Mzee akatokea upande wa msikiti, amekwisha kuswali, mkononi ana tende kwenye kipande cha karatasi. Akamnyooshea mke wa Hajji. Mke akachukua bila kumtazama mumewe. Akamnyooshea Hajji. Hajji alichukua moja, akaishika kiganjani, hakuila. Nilitazama saa ya mkono mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Saa kumi na mbili na dakika arobaini na tisa minara ya plastiki ikawaka kijani na mashine ikaadhini juu ya kibanda cha simu. Nikatia sarafu, nikapiga. Ikaita mara moja tu. Mwenzangu alikuwa amekaa akisubiri, na baadaye aliniambia hiyo ndiyo zamu aliyoifurahia kuliko zote.

"Limezama sasa hivi!" alipiga kelele kabla sijamsalimu. "Sasa hivi! Niambie mna nini huko?"

Hajji, aliyekuwa ameegemeza sikio karibu na langu, alisikia. Akaiweka tende mdomoni, akaitafuna polepole, macho kwa mzee.

"Adeer, nisamehe," alisema. "Saa yangu ilikuwa Nairobi."

"Nawe ulikuwa nayo," alisema mzee, akacheka, na ndipo nikajua jinsi alivyokuwa amebana pumzi siku zote hizo.

Kisha Hajji akanipokonya mkono wa simu. Kwa kuwa laini ilikuwa wazi na sarafu hazikuwa zake, alimwuliza mwenzangu bei ya gunia la sukari Nairobi, kisha bei ya unga, kisha akabishana naye. Simu hiyo ya mwisho ilikwenda na sarafu sita.

Ningeweza kunyamaza hapo. Lakini nilikuwa nimeona jambo jingine katika atlasi, na hesabu ikishaonekana haifutiki. Mashine inayochelewa jioni huchelewa na alfajiri pia.

"Hajji, daku unaacha kula lini?"

"Saa ikiadhini." Nilimwona akihesabu. "Karani!"

"Dakika kumi na mbili baada ya alfajiri yetu," nikasema. "Asubuhi tisa. Kosa ni langu."

Mtu aliyetaka kuudai mtaa mzima swaumu alisimama pale akiwa mdaiwa pekee. Pekee kwelikweli, kwa maana alipomgeukia mkewe, mkewe alisema, "Mimi? Mimi niliacha kula nikimsikia adeer. Nani atasikiliza plastiki?"

Mzee alimwambia kwa upole kwamba aliyekula akiamini ni usiku ana mlango wake wa msamaha, aende kwa shehe. Hajji akasema hapana, atazilipa zote tisa, asije akabaki na shaka. Kisha akaninyooshea kidole.

"Na wewe uliyetia namba, utalipa nini?"

"Nitafunga moja pamoja nawe."

Ijumaa nilisikia yaliyobaki kutoka barazani, kwa kipaza sauti kile kile. Hajji alisimama kama alivyoahidi, akajisimulia yeye mwenyewe, na kwenye sehemu ya bei ya sukari msikiti mzima ulicheka. Mzee akaendelea na paa lake na chumba chake. Mashine niliitibu kwa njia pekee niliyoiona: niliisogeza mbele dakika kumi na mbili, ikaadhini kwa jua la Garissa huku tarakimu zake zikidanganya. Tangu hapo Hajji alifika stendi ya basi mapema kuliko abiria wote, akawa anawalaumu kwa uvivu.

Baada ya Idi nilifunga ile siku moja. Kufikia alasiri niliwaelewa wale watoto wa Hajji waliotazama sambusa dakika kumi na mbili. Jioni, mzee na mashine waliadhini kwa pamoja, na mke wa Hajji akanipa tende ya kwanza kabla ya mumewe.

Hajji alitaka kunirudishia sarafu. Mzee pia, ambaye hakuwa nazo. Niliwakatalia wote wawili. Aliyedhani kwamba nchi yenye saa moja ina jua moja nilikuwa mimi, na kujua kwamba sivyo kulinigharimu, pamoja na zile tatu zilizomezwa bure, shilingi sitini na tano.