Kiti Kilichovaa Sare

Banange, jamani, nichekeni tu! Mke wangu alikuwa amekichoka kiti chetu cha zamani, kitambaa kimechanika, sponji iko nje. Jumamosi, alipokwenda kusukwa nywele Wandegeya, nikakuta kitenge kipya kabatini. Kumbe kitambaa ameshanunua! Nikakata, nikavuta, nikapigilia misumari huku naimba. Kiti kikapendeza kama cha waziri! Nikakiweka mbele ya mlango, akiingia tu akione.

Akaingia na wanakwaya wenzake, waliompitia saluni ili aje kuvaa, waende kuimba harusini. Wote wamejifunga kitenge kilekile, isipokuwa yeye. Mimi bado natabasamu. Kiongozi wao akakizunguka kiti, akashika kiuno, akamuuliza mke wangu:

“Mama Neema, huyu naye anaimba sauti gani?”