Mkono wa Kushoto wa Sweta

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine, mwanangu, na ilinirudia jana uliponionyesha kwenye simu lile sweta la moheri unalotaka kulifuma kabla hujaenda chuoni Njombe. Moheri ni uzi wa manyoya ya mbuzi, laini kiasi kwamba ukiugusisha shavuni unasahau ulichotaka kusema. Nilikutazama ukinakili vipimo vya msichana wa pichani, nikanyamaza. Leo sinyamazi. Joto la hapa Mikumi linakudanganya, baridi ya Njombe haina masihara.

Nilikuwa na umri kama wako, nikiishi na mama kule Berega. Nilikuwa nimechaguliwa kwenda chuo cha ualimu, huko huko kwenye baridi. Mama akafungua sanduku lake, akanitolea mabunda sita ya moheri ya kijivu. Alizawadiwa na muuguzi mmoja aliyekuwa akirudi kwao Ulaya, akayatunza tangu kabla sijazaliwa. Ungezunguka Kilosa nzima usingepata bunda la saba. Nikiuharibu uzi ule, ningekwenda chuoni na kanga mabegani.

Sasa, kwetu mwanamke hakujipima mwenyewe. Mwenzako alikupima kwa kamba nyembamba ya katani, akipiga fundo kwa kifua, fundo kwa kiuno, kisha mkono mmoja baada ya mwingine. Kamba yako ilitundikwa msumarini kwa Mama Yunisi, mzee wa kanisani aliyetufundisha kufuma. Kila msichana alikuwa na kamba yake pale. Mimi tu sikuwa nayo.

Unajua sababu, maana uliuona uliponiogesha nikiugua. Mkono wangu wa kushoto ulivunjika utotoni, ukaungwa vibaya, ukabaki mfupi kwa upana wa vidole vinne. Nilikuwa najua kuuficha, mwanangu! Kanga huku, kikapu kule, kwenye picha nasimama upande. Niliona heri nife kuliko wasichana wenzangu wauone mkono ule ukipigiwa fundo. Basi nikajifungia ndani, nikajipima mkono wa kulia, nikafuma mikono yote miwili sawasawa. Nikajisifu kabisa kwamba nimewaweza.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda kibarazani kwa Mama Yunisi, nimelivaa sweta langu, mkono wake wa kushoto nimeukunjia ndani. Wenzangu wakashangilia. Yeye hakushangilia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nyoosha mikono."

Nikanyoosha. Ule mkunjo ukafunguka, na mkono wa sweta ukanimeza vidole vyote. Mama Yunisi akawageukia wenzangu akawaambia waende jikoni kutazama chai. Chai moja, wasichana sita! Wakaenda, walimwelewa.

Tulipobaki wawili akaushika mkono wangu, akaniuliza taratibu, "Sweta hili umemfumia nani? Mbona simjui?"

Nililia. Sikulia kwa sababu ya uzi, nililia kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza mtu kuushika ule mkono bila kuuonea huruma. Aliupima begani mpaka kiwiko, kiwiko mpaka kifundo, akapiga mafundo yake kama anavyowapigia wengine, akaitundika kamba yangu msumarini katikati ya zile nyingine. "Mficha uchi hazai," akasema. "Haya, fumua."

Kufumua moheri ni adhabu, mwanangu. Sufu ya kawaida unavuta tu inakuja. Moheri hushikana manyoya kwa manyoya, ukivuta kwa hasira inakatika. Siku tatu nilikaa naye tukiufumua mkono wote wa kushoto mpaka begani, mshono mmoja mmoja, yeye akitenganisha manyoya kwa ncha ya sindano. Hata hivyo uzi mwingi ulikatika. Nikautazama mpira uliobaki, mdogo kama ndimu, nikaona kwamba sweta langu litakuwa na mkono mmoja.

Nikaufuma upya kutoka begani kwa kufuata mafundo ya kamba yangu. Nilipofika kwenye kifundo cha mkono, uzi ulikuwa umebaki kipande cha kufungia tu. Ungetosha mkono mrefu? Thubutu. Ule ufupi niliouonea aibu miaka yote ndio uliolimaliza sweta. Mama Yunisi alicheka mpaka akashika mbavu, nami nikacheka naye, na kuanzia siku ile sikubeba tena kikapu nisichokihitaji.

Basi nakuusia hivi. Weka simu chini. Msichana yule wa pichani sina ugomvi naye, lakini nguo ya kuazima haisitiri matako, na kipimo cha kuazima ni vivyo hivyo. Fuma kwanza kipande kidogo cha kujaribia, uone mishono mingapi inakaa kwenye upana wa kiganja chako. Kisha njoo nikupime mimi, na pale unapotaka kupaficha ndipo tuanzie. Najua ni bega lako la kulia, usidhani macho yangu yamezeeka kiasi hicho. Ukienda kwenye kazi au kwenye ndoa, nenda na kipimo chako mwenyewe, maana kufumua huko ni kugumu kuliko moheri.

Mungu akujalie vidole vyepesi na moyo usiojikimbia. Akupe wenzako wa kukupima kwa upole. Na baridi ya Njombe ikikufikia, ikukute umevaa nguo inayokujua.

Haya, simama hapa mwangani. Kamba ninayo.