Mafiga Yaliyoshika Moto

Siku ile tulikuwapo mimi, mkubwa wa nyumba. Wadogo zangu watatu, wa kiume anayenifuata, wa kike, na kitinda mimba ambaye mama alimwacha hajaota meno yote. Shangazi, dada yake baba, aliyeshika mwiko. Baba mdogo, aliyesimama njiani na kanzu ya pasi kupokea watu. Mwalimu wa madrasa na wasomaji wake. Majirani wa Kiwangwa wa pande zote za shamba letu. Na kijana mtaalamu wa miamba kutoka Dar, ambaye tulimwalika kwa sababu kambi yake ilikuwa nyuma ya mikorosho yetu na haikuwa heshima kupika pilau mtu akabaki kuivuta harufu tu. Nawataja wote kwa kuwa baadaye kila mmoja aliisimulia siku hiyo kwa namna yake, na ambao hawakuwapo wakaisimulia kwa urefu zaidi.

Ilikuwa hitima ya mama. Baba alitangulia zamani, kitinda mimba akiwa bado tumboni. Mama alipofuata mimi nilikuwa kidato cha pili. Nilikunja sare nikaiweka sandukuni, nikaingia shambani kwenye mananasi. Mama hakuacha maneno mengi. Alisema tumsomee hitima tutakapoweza, na watu wale washibe. "Msije mkanisomea hitima ya uji," alisema, akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Nilimwitikia ndiyo, mama. Hilo ndilo jambo la mwisho nililomwahidi.

Miaka ikapita. Kila mwaka nilisema mwaka huu, kisha paa linavuja, au mdogo wangu wa kike anaumwa, au mananasi yanaoza barabarani Chalinze kwa kukosa mnunuzi. Majirani hawakuniuliza kitu. Afadhali wangeniuliza. Nilikuwa nikikaa kwenye hitima za wenzangu, sinia likiletwa mbele yangu, nami nalisogeza kwa wa pembeni.

Ndipo kampuni ilipokuja kutafiti miamba. Walichimba mtaro mrefu kutoka kwenye mikorosho kuelekea bondeni. Wanaume walichimba, sisi wanawake tuliteka maji na kufunga mawe kwenye mifuko. Juu ulikuwa mchanga wetu wa kawaida, chini yake udongo mzito, na chini zaidi jiwe jeusi lililolala tabaka juu ya tabaka kama chapati zilizopangwa kwenye hotipoti. Mtaalamu alikuwa akilikwaruza kwa kisu na kulinusa. Tulimcheka kwa siri. Kwa ujira wa kazi ile nilinunua mchele, viungo na nyama, nikaenda kwa mwalimu kuomba siku.

Sasa, kwetu hakuna mawe. Unaweza kulima tangu asubuhi mpaka adhuhuri jembe lisigonge chochote. Kwa chakula cha nyumbani tunateleka juu ya madonge ya kichuguu au vipande vya tofali, lakini sufuria la hitima tuliloazima msikitini lilikuwa kubwa kiasi kwamba kitinda mimba aliingia ndani akajificha. Shangazi alikataa tofali. Alisema tofali lilishammwagia wali wa harusi nzima mbele ya wakwe, na hataki kuaibika mara ya pili. Alitaka mawe ya kweli.

Mimi na mdogo wangu wa kiume tulikwenda mtaroni. Kwenye kifusi yalikuwapo mapande mapana, mazito, yenye uso ulionyooka kama yamechongwa. Mtaalamu alikuwa amekwenda Bagamoyo mjini asubuhi hiyo, na hata angekuwapo, nani anaomba ruhusa ya mafiga? Tuliyabeba matatu kwenye toroli. Shangazi akayatikisa kwa mguu, yakatulia. "Haya ndiyo mafiga," akasema. "Siyo yale madonge yenu."

Wasomaji walikaa kwenye mikeka chini ya turubai, wakagawana juzuu, na sauti zao zikaanza kuungana kama nyuki. Mimi sikuweza kukaa. Nilikwenda jikoni, nikarudi kuangalia mikeka, nikahesabu masinia, nikarudi jikoni. Nyama iliiva. Mchele uliingia, maji yakaanza kukauka. Nilijiambia, mama, leo ndiyo leo.

Kisha ikaja harufu ya koroboi.

Shangazi aliwageukia wasichana, akauliza nani aliyewashia kuni kwa mafuta ya taa. Mdogo wangu wa kike aliapa hakushika hata kibatari. Shangazi akamwambia asiape bure siku ya dua, akaamuru kuni zivutwe moto upungue. Tukazivuta zote. Moto ukabaki pale pale. Tuliinama kuangalia: lilikuwa figa lenyewe, linawaka kwa ulimi mfupi wa manjano na kutoa moshi mweusi mzito, na la pili nalo linaanza. Mikono yetu ilikuwa imeshika kuni na mbele yetu jiwe linaungua.

Likapasuka. Lilitoa mlio kama bati lililokanyagwa, likaachana tabaka kwa tabaka, na sufuria likainama upande ule. Shangazi na mdogo wangu wa kiume walilidaka kwa magunia yaliyoloweshwa, wakaliteremsha mchangani. Hatukuungua, alhamdulillahi, lakini mfuniko ulikuwa umeteleza na ule moshi ulikwisha kuingia wote ndani. Nilifukia mawe kwa mchanga. Shangazi alichota wali kidogo kwa ncha ya mwiko, akatafuna, akautema kiganjani.

"Mwanangu," akasema polepole, "hii si pilau tena. Hii ni taa."

Nilimwambia huenda wa katikati umesalimika. Tukachimba katikati. Haukusalimika.

Kule kwenye mikeka walikuwa wanakaribia kumaliza. Hapo ndipo mtaalamu alipofika kwa pikipiki. Hakwenda kuwasalimu wazee. Alifuata harufu moja kwa moja mpaka jikoni, akapiga magoti mbele ya mafiga yetu na suruali yake safi, akafukua mchanga kwa vidole, akauliza jiwe hili tumelitoa upande gani wa mtaro. Mdogo wangu wa kiume akamwonyesha. Kijana yule akainua kipande, akakinusa. Labda hakukusudia kusema kwa sauti, lakini alisema, "Haya mawe yana mafuta, na si kidogo."

Neno lile lilitembea haraka kuliko yeye. Mwalimu alikuwa ndiyo kwanza anyanyue mikono kuomba dua. Niliona mtu wa mwisho wa mkeka anainuka, kisha wa pembeni yake, wanavaa viatu wakijifanya wanakwenda haja. Baba mdogo naye akaondoka njiani alipowekwa. Mwalimu aliendelea kuomba, mikono ameinua, na waliomwitikia amin walikuwa mzee mmoja msomaji mwenye macho hafifu, na mimi niliyesimama mbali na mwiko mkononi. Jina la mama lilitajwa mbele ya mikeka mitupu.

Jikoni kwangu palijaa kanzu. Wakamtaka mtaalamu aeleze, naye akaeleza vizuri, kwa lugha ya watu. Alisema ndani ya jiwe hamna mafuta yanayotiririka kama maji kisimani. Kuna masalia ya vijimea na vidudu vya majini vya zamani mno, yalifukiwa kwenye tope, tope likawa jiwe kabla masalia hayajaiva kuwa mafuta. Anayeyataka lazima amalizie upishi ambao ardhi iliuacha njiani: asage jiwe, alifungie kwenye tanuru lisiloingia hewa, alipashe moto mkali mpaka litoe mvuke, na mvuke upitishwe kwenye bomba la baridi udondoke kuwa mafuta.

"Kumbe ni kama gongo tu," baba mdogo akadakia.

Shangazi alikuwa bado na wali wa moshi kiganjani. "Na wewe gongo inavyopikwa umejifunzia wapi, na kanzu hiyo?"

Watu walicheka mpaka wengine wakaegemea mikorosho. Mtaalamu aliona haya, lakini alisema baba mdogo amepatia, njia ni ile ile, tofauti ni ukubwa wa chungu. Mimi sikucheka. Niliuliza hao wageni watakula nini. Nadhani nilimuuliza shangazi, lakini nilisema kwa sauti, na hakuna aliyegeuka.

Tulipeleka masinia hata hivyo. Waliorudi mikekani walinyoosha mkono, wakala tonge la heshima, wakafuta vidole, wakasema Mungu awarehemu wazee wenu. Watoto walikula ndizi. Wakati wa kuaga, kanzu nyingi zilikuwa na mfuko mmoja unaoning'inia kwa uzito wa jiwe.

Kuanzia hapo hakukuwa na utulivu. Kila nyumba ilitaka kujaribu kipande chake, na jioni kijiji kizima kilinuka koroboi. Watu wasiotujua walikuja kutoka Chalinze wakiuliza bei ya shamba. Baba mdogo alikuwa akilipima kwa kamba, leo kutoka mkorosho huu, kesho kutoka ule, na kila akipima anapata shamba kubwa zaidi. Mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa kidato cha nne, aliniambia anaacha shule akafanye kazi kwenye mtambo wa mafuta utakapoletwa. Nilimwambia, "Mafuta yatakusubiri. Mtihani hautakusubiri." Alisema mbona mimi niliacha. Nilimjibu kwamba niliacha ili yeye asiache, na akitaka kubishana tubishane akiwa na cheti mkononi. Alinuna, lakini alikwenda shule.

Mtambo wa kuchoronga, wa kutoboa mwamba, ukaja, ukanguruma mchana kutwa, ukawa unatoa jiwe refu la mviringo kama muhogo usio na mwisho. Vipande vilipangwa kwenye masanduku kwa kufuata kina, na kazi yangu ikawa kuviosha. Mtaalamu alinionyesha tabaka jeusi: hapa nene, pale jembamba, na upande wa pwani linazama chini sana. Sampuli zilikuwa zinakwenda maabara kupashwa moto na kupimwa zinatoa kiasi gani. Swali lao, alisema, ni kama mafuta yatakayopatikana yatazidi moto utakaotumika kuyatoa. Kama hayazidi, ni sawa na kuchoma gunia la mkaa ili upate debe. Alisema ziko nchi ambako hawachimbi kabisa, wanapasha mwamba humo humo ardhini kupitia mashimo, kwa miaka, mpaka utoe jasho lake.

Nikamuuliza jiwe likishatolewa mafuta linakwenda wapi. Alisema linabaki, na linavimba, majivu yake yanachukua nafasi kubwa kuliko shimo lilikotoka, tena yanahitaji maji mengi kupozwa. Nilimuuliza yatawekwa wapi hapa kwetu. Hakunidanganya. Alinionyesha mananasi yangu kwa kidole.

Mimi nilichotaka ni kimoja: tupike upya kabla ya lolote. Niliposema hivyo baba mdogo alinishangaa. Alisema nina haraka gani, ngoja kampuni ilipe, tutachinja ng'ombe, tutaita watu mpaka wa Mlingotini. Nilimwambia mama hakusema tungoje kampuni. Akasema mimi nina kichwa kigumu kama baba yangu. Shangazi akamjibu kwamba kichwa hicho ndicho kilichowalea watoto wale, wakati vichwa laini viko kijiweni.

Nilikwenda kwa mwalimu. Nilimpa shikamoo, nikamuuliza kama ile hitima inahesabika. Alisema kisomo kilikamilika na dua imeombwa, idadi ya waitikiaji si juu yetu. Chakula ni sadaka, si faradhi. Alisema nilikitoa kwa nia njema, na sidaiwi. "Lakini ahadi uliyompa mama yako," akasema, "unaijua wewe."

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiwa mwepesi kidogo, na nilipofika uzito ulikuwa umerudi.

Mtambo uliondoka kabla ya mvua. Mtaalamu alikuja kuaga, akasema jiwe ni zuri lakini tabaka ni jembamba, wakubwa zake watapiga hesabu, wanaweza kurudi na wanaweza wasirudi. Waliacha vigingi vyenye utepe mwekundu katikati ya shamba, na tukaambiwa tusipande zao la muda mrefu ndani yake. Msimu mmoja nilitii. Ardhi ile ikaota magugu, na mananasi ambayo yangenunua mchele na nyama hayakuwapo. Baba mdogo alikuwa akitoka kila akisikia gari barabarani. Hata mimi nilijikuta nikiinua shingo, na nilichukia kuinua shingo.

Msimu uliofuata nilipanda. Nilipanda katikati ya vigingi, mstari kwa mstari, utepe ukinipigapiga mgongoni. Baba mdogo aliniambia watayang'oa. Nilimwambia wakija watayakuta, na kama ana nafasi ashike upande ule wa pili. Aliangalia barabara. Kisha alivua koti, akashika, ingawa alipanda mistari iliyopinda.

Yule mzee msomaji aliyeitikia amin amefariki mwaka huu. Nilikwenda mazikoni, na chakula cha watu kilipoletwa nikakumbuka kwamba kwangu aliondoka na tonge moja la moshi. Kwake sina tena pa kuipeleka ile sahani, labda kwa wajukuu zake.

Mananasi bado ni machanga. Mdogo wangu wa kiume anasoma chuo, akipiga simu anauliza kampuni imerudi, nami namuuliza amekula. Shangazi anasema sufuria la msikitini limetoboka kidogo na wamelipeleka kwa fundi. Nimemwambia walitengeneze vizuri. Watu wa mama bado hawajashiba.