Anyesi na Mahindi ya Mwaka wa Mvua Mbaya

Mwaka ule mvua iliwachezea shere watu wa Chamwino. Iligoma wakati mimea inaihitaji, kisha ikaja kumwagika mahindi yakiwa yameshakauka shambani. Obedi na mkewe Anyesi waliyavuna hivyo hivyo na unyevu wake, wakayaanika kidogo, wakayajaza kwenye magunia. Njaa haingoji mtu amalize kuanika.

Nyumbani walikuwa watatu: Obedi, Anyesi, na Bibi Loisi, mama mzazi wa Obedi. Binti yao Devota alikuwa akisoma mjini na kukaa kwa mama yake mdogo. Anyesi alisumbuliwa na vidonda vya tumbo. Ugali wa mahindi ulimchoma kama pilipili, kwa hiyo yeye alijipikia uji wa uwele. Mumewe na mkwewe aliwasongea ugali wa mahindi kila siku, akawawekea mlenda, wakala wakamshukuru.

Halafu Obedi akaanza kutapika. Macho yakawa ya manjano, tumbo likavimba, akafa. Matanga hayajaanuliwa, Bibi Loisi naye akamfuata.

Obedi alikuwa na dada, Penina, aliyeolewa kijiji cha jirani. Mwanamke yule alimzika kaka na mama kwa mpigo mmoja, na uchungu ukatafuta pa kutua. Mbele ya waombolezaji alisimama akasema, "Nyumba moja, chungu kimoja. Wawili wamekufa, mmoja mzima. Aliyekuwa akipika ni nani?"

Wote waligeuka kumtazama Anyesi. Polisi walipokuja walikuta pakiti ya dawa ya panya imechomekwa darini, kama ilivyo katika kila nyumba yenye nafaka. Anyesi aliondolewa pale msibani akiwa bado na kitambaa cha kufutia machozi mkononi.

Mahakamani mambo hayakuchukua muda.

"Nani alikuwa akiwapikia marehemu?"

"Mimi."

"Na wewe ulikula chakula hicho?"

"Sikula."

Alitaka kueleza habari za tumbo lake. Lakini lugha yake ilikuwa Kigogo. Kiswahili alikizoea cha kusalimia wageni na kuuliza bei, na siku ile hata hicho kilimkimbia. Akanyamaza. Watu wakasema kile ni kimya cha mwenye hatia. Akapewa kifungo kirefu, cha kumtoa gerezani akiwa bibi kizee.

Mwaka wa sita ndipo alipofika Halfani, wakili aliyekuwa akizungukia magereza kuwasaidia wasio na mtetezi. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza.

"Mama, kwa nini hukula?"

Anyesi akaangua kilio. Alipotulia alimweleza yote, kwa Kiswahili ambacho sasa alikuwa amejifunza humo humo gerezani. Halfani akamtafuta daktari, na daktari akaeleza kwamba macho ya manjano na tumbo kujaa si dalili za dawa ya panya. Ile ilikuwa sumukuvu, sumu inayotokana na kuvu wa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Msimu ule ule nyumba nyingine za vijiji vya karibu nazo zilikuwa zimezika watu kwa ugonjwa wa namna hiyo. Rufaa ikakubaliwa.

Anyesi hakurudi Chamwino. Alipanga chumba na sebule mjini, mtaa wa Ipagala, pamoja na Devota, akaanza kuuza karanga na mlenda mkavu pale soko la Majengo, wala hakumwambia mtu alikotoka. Jirani yake wa meza, Mwanne, mama wa kutoka Kondoa mwenye kicheko kikubwa, alimjua kama Mama Devota tu.

Siku moja kijana mmoja mtanashati aitwaye Silvano akaja nyumbani, akamwamkia, akajieleza kuwa anaandika tamthilia za televisheni. Alikuwa amesikia kesi ile kwa wakili Halfani, akaomba kuigeuza mchezo.

"Mwanangu," Anyesi akamwambia, "kidonda kimefunga, wewe unataka kukikuna?"

Devota ndiye aliyemgeuza. "Mama, uliposhtakiwa walisikia wote. Ulipoachiwa alisikia nani?"

Anyesi akakubali, na kwa wiki nyingi Silvano akawa anakuja kukaa mkekani kumsikiliza.

Tamthilia ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilionyeshwa Jumapili jioni, ikaishia pale mshtakiwa anapohukumiwa. Majina yalikuwa yamebadilishwa, lakini kesho yake mtangazaji mmoja wa redio alitamba kwamba mama mwenyewe yupo hai na anauza karanga Majengo. Kufika adhuhuri soko zima lilikuwa limeshajua. Mteja mmoja, aliyekuwa ameshachota karanga kiganjani, alizirudisha moja moja kana kwamba zinamuunguza, akaondoka. Anyesi akaanza kufunika meza yake.

"Unakwenda wapi?" Mwanne akauliza.

"Nyumbani. Mwanne, yule mwanamke ni mimi."

"Najua ni wewe. Na kwetu mwaka ule shangazi yangu alikufa hivyo hivyo na macho ya manjano, wakasema ni mahindi yenye kuvu, na tulikula sufuria moja, mimi nikapona. Ningefungwa mimi?" Akamvutia kigoda. "Kaa, Mama Devota. Wanaotaka kutazama watazame, na Jumapili watazame tena."

Alikaa. Wiki ile ilikuwa ndefu, hata usingizi ulimpa mgongo.

Jumapili Mwanne alifika Ipagala na wenzake wa sokoni, sebule ikajaa mpaka mlangoni. Walimtazama yule wakili wa mchezo akiuliza lile swali, na Mwanne akapiga goti lake kwa kofi: "Hebu ona! Ni hilo tu!" Daktari akaeleza. Jaji akafungua kinywa.

Siku ya rufaa ya kweli, Anyesi alisikia maneno mazito: kubatilishwa kwa hukumu, kufutwa kwa adhabu. Hakuelewa kitu. Alikuwa ameinuka ili arudishwe gerezani, mpaka askari mmoja alipomgusa bega na kumwambia aende nyumbani. Hivyo akatoka akiwa huru, lakini hakuna aliyetamka kwa kinywa chake kwamba hakutenda lile jambo. Kumbe Silvano, siku moja pale mkekani, alimsikia akilisema hilo, akaliweka moyoni.

Jaji wa kwenye televisheni akasema, "Mwanamke huyu hakuua. Hakumuua mumewe, wala hakumuua mkwewe."

Anyesi alihisi kitu kikimtoka kifuani taratibu, kama mzigo wa kuni unavyoteremshwa na watu wawili. Devota alimshika mkono. Kisha mama mmoja karibu na mlango akapiga kigelegele, na wengine wakamwitikia.

Siku chache baadaye Penina alishuka kwenye bajaji mbele ya nyumba. Alikuwa amezeeka. Hakungoja kukaribishwa kiti. Alipiga magoti pale pale kizingitini.

"Wifi, nilizika wawili, nikatafuta wa kumbebesha. Ulikuwa karibu."

"Walikuwa wangu pia, Penina," Anyesi akasema. "Mama yako aliniita mwanangu. Hukuniacha hata nimlilie."

"Nisamehe."

Anyesi alikuwa ameyaandaa maneno makali ya siku kama hii tangu gerezani. Aliyatafuta, akakuta yameisha makali. Akamwinua kwa mikono miwili. Hapo ndipo walipomlilia Obedi na Bibi Loisi, wakiwa wameshikana, kilio cha sauti, mpaka jirani akachungulia kujua kama kuna msiba.

Walipochoka, Anyesi alibandika maji akapika, na Penina alikula akaongeza. Wakala wakiongea habari za Chamwino: nani kaoa, nani kahama, na shamba la Obedi ambalo Penina alikuwa akililima na sasa anataka kumrudishia Devota.

"Ila yule binti waliyemweka kuwa wewe kwenye ile tamthilia," Penina akasema akinawa, "kusonga ugali hajui kabisa. Anashika mwiko kama anapiga mswaki!"

Anyesi akacheka mpaka akajishika mbavu.